Nyufa Chini ya Beringi: Zipi Ziachwe, Zipi Zichokonolewe

Lori linalotoka soko la nafaka la Kibaigwa na shehena ya mahindi linaruhusiwa kufikisha tani 56, ukomo uliowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu uzito wa magari. Likipanda darajani, mzigo huo hauishii kwenye lami. Unapita kwenye sakafu ya zege, unashuka kwenye mihimili, kisha unatua juu ya beringi, ambazo kwa kawaida ni vitalu vya mpira mgumu vyenye mabamba ya chuma ndani. Ndizo zinazoruhusu daraja kujongea: sakafu ya mita 40 ikipata tofauti ya joto ya nyuzi 20 hurefuka au kufupika kwa takriban milimita 8.

Chini ya beringi kuna tabaka ambalo abiria halioni: grauti, rojo la saruji maalumu lililotengenezwa ili lisisinyae likikauka. Kichwa cha nguzo hakinyooki kabisa, hivyo grauti huziba mwanya uliobaki, kama kipande cha boksi kinachosokomezwa chini ya mguu wa kabati linaloyumba. Unene wake mara nyingi ni sentimita chache tu, lakini grauti nyingi huwa na nguvu kuliko zege la nguzo yenyewe.

Sasa mkaguzi anapanda ngazi, anamulika tochi, anakuta nyufa. Grauti ibomolewe?

Wengi hukimbilia namba. Mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani unataja upana wa milimita 0.41 kwa zege lililo kwenye hewa kavu, na 0.15 kwa linalopigwa na maji ya bahari. Kwa hesabu hiyo, ufa unaovumilika kwenye korongo kavu la Kongwa ungezua maswali Kigamboni, kando ya bahari. Ila namba hizo ziliandikwa kwa ajili ya zege lenye nondo, ambako hofu kubwa ni kutu. Grauti ya beringi kwa kawaida haina nondo. Kazi yake ni kukandamizwa. Kuipima kwa kadi ya kupimia upana wa nyufa peke yake ni kuuliza nusu ya swali.

Nusu nyingine ni ufa uko wapi. Grauti huachwa ijitokeze kidogo nje ya bamba lililo chini ya beringi, na ukingo huo ndio hupasuka kwanza, kwa kuwa haukandamizwi na kitu na umekaa wazi kwa hewa. Nyufa nyembamba kama unywele mahali hapo kwa kawaida hurekodiwa, zikafuatiliwa, basi. Ufa unaoingia chini ya bamba, unaopanuka kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, au unaotoa unga na madoa ya kutu, huo una habari nyingine.

Nyanda za kati nazo zina mchango wake. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, hewa ni kavu, na upepo wa mchana hunyonya maji ya rojo kabla halijashika. Fundi makini humwaga alfajiri, hulowanisha zege la chini tangu siku iliyotangulia, kisha hufunika kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Fundi mwenye haraka huongeza maji kwenye ndoo ili rojo litiririke vizuri, na hapo ndipo nyufa nyingi huzaliwa.

Hata hivyo, ufa unaoonekana si tishio kubwa kuliko yote. Baya zaidi ni uwazi uliofichika katikati ya bamba, hewa iliyonaswa kwa sababu rojo lilimwagwa kutoka pande mbili kwa pamoja badala ya upande mmoja hadi litokeze wa pili. Mkaguzi huusaka kwa nyundo ndogo: palipojaa hulia kwa ukali, palipo patupu hulia kama debe.

Haki itendeke pia kwa grauti: kwenye ukanda huu mvua imekata barabara bila msaada wake. Mwanzoni mwa Machi 2020 mafuriko yaliharibu daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, na mawasiliano kati ya Morogoro na Dodoma yakasimama.

Tukirudi kwenye nyufa, ufa mdogo uliotulia unaweza kudungwa gundi ya epoksi. Grauti iliyovunjika chini ya bamba ni kazi nyingine kabisa: sakafu hunyanyuliwa kwa jeki za haidroli kwa milimita chache, ya zamani hubanduliwa, mpya humwagwa, na hadi ishike, malori ya mahindi hupita kwa zamu au husubiri.