Kaskazini Si Juu

Muulize mtoto wa darasa la nne kaskazini iko wapi, na si ajabu akanyoosha kidole darini. Ndivyo alivyofundishwa. Ramani ya Tanzania anayoiona kila siku imetundikwa ukutani, Ziwa Victoria liko juu, Mtwara iko chini, na fimbo ya mwalimu inapokwenda kaskazini kweli inapanda. Mtoto huyohuyo akiambiwa Mto Nile unatoka Ziwa Victoria kwenda Misri, atauliza maji yanapandaje mlima. Swali hilo lina akili kuliko majibu mengi tunayompa. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mto unateremka njia nzima hadi Mediterania. Unaopanda ni ule mchoro tu.

Kwa hiyo ramani ishushwe. Itandazwe sakafuni, watoto waizunguke, kisha igeuzwe mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya nje. Ya nje iko upande gani? Wengi wetu hukimbilia kanuni ya kutazama jua linapochomoza, mkono wa kushoto uwe kaskazini. Kwa kuanzia inafaa, lakini jua huchomoza mashariki kamili karibu na Machi 20 na Septemba 23 tu. Siku nyingine husogea pembeni.

Kijiti kina uhakika zaidi. Kichomeke wima uwanjani, na kuanzia saa 5:30 asubuhi hadi saa 7:30 mchana watoto waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kilicholala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hapa mwalimu awe macho, maana vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Julai, kijiti cha mita 1 hutoa kivuli cha sentimita 56 hivi, nacho huelekea kusini. Mwishoni mwa Novemba ni sentimita 26 hivi, kuelekea kaskazini. Wiki ya kwanza ya Machi na ya pili ya Oktoba kivuli karibu kinapotea kabisa. Msipange somo hili wakati huo.

Kipimio nacho kianzie darasani, kabla ya ramani ya nchi. Watoto wapime urefu wa chumba kwa hatua. Mmoja atapata 12, mwenzake 15, na watabishana. Waacheni wabishane, kisha leteni kamba yenye fundo kila mita. Mita 1 ikiwa miraba 2 kwenye daftari la hesabu, chumba cha mita 8 kinakuwa miraba 16. Madawati hayatatosha kuchorwa na miguu yake, kwa hiyo watabuni alama, na hapo ufunguo wa ramani utakuwa umezaliwa bila kuandikwa ubaoni. Sikatai kukariri nchi 8 tunazopakana nazo, ila mtoto ambaye hajawahi kuchora mlango wa darasa lake ataujuaje mpaka?

Darasa la sita waende mbali zaidi. Shule moja ya Dar es Salaam na moja ya Kigoma zipime kivuli kifupi siku moja. Kigoma iko magharibi zaidi kwa karibu nyuzi 10 za longitudo, na dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kivuli cha Kigoma kitafikia ufupi wake dakika 39 hivi baadaye, ingawa saa za ukutani zinasoma sawasawa. Walimu wapigiane simu kwanza kulinganisha saa zao: saa iliyokosea dakika 5 inatosha kuihamisha Kigoma zaidi ya kilomita 130, ama ndani ya Ziwa Tanganyika na kuvuka hadi Kongo, ama kurudi huku bara.