Maumivu ya mgongo yasiyosikia dawa: Huenda kiini ni misuli ya nyonga

MWANAMKE anapoingia kliniki na kusema, “Mgongo waniuma,” hakuna anayeshangaa. Mgongo ni maradhi yanayotajika mbele ya mume, mbele ya mkwe na hata ndani ya matatu.

Asilolitaja ni kwamba akicheka au kukohoa, mkojo humponyoka; kwamba tangu ajifungue huhisi uzito sehemu za chini; au kwamba tendo la ndoa limegeuka mateso. Hurudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, na vidonge vikiisha, maumivu hurudi.

Nusu hiyo isiyosemwa ndiyo, mara nyingine, inayobeba ufunguo wa ugonjwa wenyewe.

Mtaani Kiembeni, katika eneo la Kisauni, Mombasa, kuinua uzito ni sehemu ya siku. Mifereji inapokauka, maji hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzito wa takriban kilo 20, na mara nyingi anayeupandisha ngazi ni mama aliyejifungua miezi michache iliyopita, mtoto akiwa mgongoni.

Mzigo huo haubebwi na mikono na mgongo pekee. Hubebwa pia na misuli ambayo wengi hawajui kuwa wanayo: misuli ya sakafu ya nyonga.

Sakafu yenyewe

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandwa ndani ya fupanyonga, kuanzia mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma. Sehemu yake ya nje ndiyo iitwayo msamba.

Mfano wake ni kitanda cha kamba. Mbao ni mifupa ya nyonga, na kamba ni misuli. Juu yake hulala kibofu, utumbo na, kwa wanawake, mfuko wa uzazi. Kamba zikilegea, kilicholala juu yake huning’inia. Zikikazwa kupita kiasi, mbao nazo huvutwa.

Misuli hii haifanyi kazi peke yake. Hushirikiana na misuli ya ndani kabisa ya tumbo, misuli midogo inayoushika uti wa mgongo, na kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Yote kwa pamoja huunda kitu mfano wa debe: kiwambo ni kifuniko, tumbo na mgongo ni kuta, na sakafu ya nyonga ni kitako.

Mtu ainuapo mzigo, shinikizo ndani ya debe hilo hupanda na kuusaidia uti wa mgongo kusimama imara. Kitako kikiwa dhaifu, msaada huo hupungua. Misuli ya mgongo hulazimika kufanya kazi isiyokuwa yake. Huchoka, hukaza, kisha huuma.

Kwa upande wa paja, sababu ni ujirani. Mmoja wa misuli inayozungusha paja huanzia ndani ya fupanyonga, na sehemu ya sakafu ya nyonga imejishikiza kwenye utando unaoufunika msuli huo. Kwa hivyo, mkazo wa upande mmoja huweza kuuvuta upande wa pili. Isitoshe, neva za sehemu hizi hutokea eneo moja la chini ya uti wa mgongo, na ubongo huweza kuyasoma maumivu ya msamba kana kwamba ni ya kiuno, makalio au paja.

Ushahidi wa utafiti

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 waliathirika kote ulimwenguni mwaka 2020, na ndiyo sababu kuu ya ulemavu duniani. Yakipita miezi mitatu, huhesabiwa kuwa maumivu sugu.

Mnamo mwaka 2006, watafiti wa Australia walichapisha uchanganuzi wa taarifa za zaidi ya wanawake 38,000. Walibaini kuwa matatizo ya kuzuia mkojo na ya kupumua yalihusiana zaidi na maumivu ya mgongo kuliko unene au kutofanya mazoezi. Mwaka 2018, watafiti wa Canada nao walieleza kuwa wengi mno wa wanawake waliowachunguza kwa maumivu ya kiuno na nyonga walikuwa pia na kasoro fulani katika sakafu ya nyonga.

Hata hivyo, mambo mawili kwenda pamoja si hoja kwamba moja limezaa jingine. Yapo maumivu mengi ya mgongo yasiyohusiana kabisa na misuli hii. Linalodhihirika ni kwamba anayetibu mgongo bila kuuliza habari za mkojo, choo na uzazi huenda akaacha sehemu ya ugonjwa bila kuigusa.

Kulegea na kukaza

Daktari Mmarekani Arnold Kegel ndiye aliyeyapa umaarufu mazoezi ya kukaza misuli hii, alipochapisha kazi yake mwaka 1948. Tangu hapo, wengi wamedhani kuwa dawa ya kila tatizo la nyonga ni kukaza.

Dhana hiyo ina kasoro. Misuli inaweza kulegea, hasa baada ya kujifungua, kufunga choo kwa muda mrefu au kukohoa kusikokwisha. Lakini pia inaweza kukaza na kushindwa kulegea, kwa sababu ya kovu, maumivu ya muda mrefu, hofu au mazoea ya kujibana.

Aliyelegea huhitaji kuimarisha. Aliyekaza huhitaji kwanza kujifunza kuachia, na akizidisha mazoezi ya kukaza, maumivu huweza kuongezeka. Dalili nazo hufanana, kwani msuli uliokaza kutwa kucha huchoka na kushindwa kuzuia mkojo sawasawa na uliolegea. Ndiyo maana uchunguzi wa mtaalamu wa tiba ya viungo ni muhimu kuliko kubahatisha.

Wanaume nao hawakusazwa. Baadhi yao hutumia viuavijasumu mara kwa mara wakidhani wana ambukizo la tezi dume, ilhali vipimo havionyeshi kijidudu chochote, na maumivu ya kinena, kiuno na msamba yanatokana kwa kiasi fulani na misuli iliyokaza.

Mkaja na arobaini

Utamaduni wa Pwani haukuusahau mwili wa mzazi. Katika siku 40 za baada ya kujifungua, mama hupumzishwa, hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja tumboni. Mapumziko hayo yana maana kubwa, kwani misuli na tishu zilizonyooshwa huhitaji muda kupona.

Lakini mkaja hushika kwa nje tu. Hauufundishi msuli wa ndani kurejea kazini. Tena ukikazwa mno huweza kuongeza shinikizo kwenye sakafu ambayo tayari imechoka. Hali kadhalika, wapo wanaorudi sokoni na kwenye mitungi kabla hata ya arobaini kutimia.

Bahati njema ni kwamba arobaini hukaribiana sana na ziara ya kliniki ya wiki ya sita. Hapo ndipo mahali pa mama kuuliza habari zake, si za chanjo ya mtoto pekee. Anayehitaji uchunguzi zaidi anaweza kuomba rufaa kwa idara ya tiba ya viungo, kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Pwani iliyo kisiwani.

Hatua za kuchukua

Kwa aliyethibitishwa kuwa misuli yake imelegea, zoezi ni kuikaza na kuiinua kwa ndani, kana kwamba anazuia mkojo na hewa kwa pamoja, bila kuzuia pumzi wala kubana makalio. Hufanywa angalau mara nane mfululizo, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Kuachia kabisa baada ya kila mkazo ni sehemu ya zoezi. Haifai kulifanya zoezi hili mtu akiwa katikati ya kukojoa.

Kwa aliyekaza, kazi huanza na pumzi: kuvuta hewa taratibu hadi tumbo litanuke, na kuiacha sakafu ishuke na kulegea.

Kwa wote, inafaa kutoa pumzi wakati wa kuinua mtungi badala ya kuizuia, kuugawa mzigo mkubwa, kunywa maji na kula mboga ili choo kisiwe kigumu.

Aidha, ziko dalili zisizongoja mazoezi. Ganzi ya ghafla kwenye msamba, kushindwa ghafla kukojoa au kuzuia choo, au miguu kukosa nguvu, ni dharura ya kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo. Homa, kukonda bila sababu, au kutokwa na damu kusiko kwa kawaida pia huhitaji daktari upesi. Vile vile, mgonjwa wa selimundu anayeumwa na nyonga asichukulie kuwa ni misuli tu.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Mwanamke anayesema mgongo unamuuma amesema kweli, lakini hajamaliza. Sentensi moja zaidi mbele ya muuguzi, kwamba mkojo humponyoka au kwamba sehemu za chini humvuta, huenda ikamwokoa kutokana na miaka ya vidonge.