Picha ya Skrini kama Zana ya Kufundishia

Katika shule nyingi za msingi kompyuta ni chache na wanafunzi ni wengi. Mwalimu aelezapo namna ya kuhifadhi kazi, wale watano walio mbele huona skrini, na waliobaki huona visogo vya wenzao. Umeme ukikatika, somo nalo hukatika. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza zana ambayo mwalimu aweza kuitayarisha siku moja kabla ya kipindi, nayo ni picha ya skrini iliyotiwa alama na kuchapwa katika karatasi.

Kuipata picha si kazi kubwa. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, kibonye cha PrtSc kilipeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapia. Ndiyo asili ya jina lake. Siku hizi, katika kompyuta nyingi zenye Windows, kibonye hicho hunakili picha kimyakimya, nayo haionekani mpaka ibandikwe kwa Ctrl na V katika programu kama Paint au Word. (Wako wanaodhani kibonye ni kibovu!) Katika nyingine hufungua programu ya kukatia picha. Alt pamoja na PrtSc huchukua dirisha moja tu linalotumika, na vibonye vya Windows, Shift na S humwezesha mtu kuchagua sehemu aitakayo.

Kazi ya ualimu huanza baada ya hapo. Skrini nzima ina saa, betri, orodha na vialama vingi, na mwanafunzi mgeni hajui kipi ni cha maana. Yatupasa kwanza kujiuliza: mwanafunzi hupotelea wapi? Katika somo la kuhifadhi kazi, aghalabu hapotei anapobonyeza Ctrl na S. Hupotea katika dirisha linalofuata, anapotakiwa kutaja jina la faili na mahali pa kuiweka. Basi dirisha hilo ndilo la kupigwa picha, na mengine yote yakatwe.

Alama ziwe chache. Mishale miwili yenye namba 1 na 2 hutosha. Mishale saba ni fujo. Tusitegemee rangi, kwa kuwa katika fotokopi nyekundu na kijani zote huwa kijivu. Maelezo yawe kitendo: "Andika jina la kazi yako hapa", wala si "sehemu ya jina la faili". Lakini neno Save, likiwa ndilo lililoandikwa katika skrini, tuliache kama lilivyo, maana ndilo mwanafunzi atakalolitafuta. Picha ihifadhiwe kwa muundo wa PNG. Ule wa JPEG hutia ukungu pembeni mwa herufi.

Kuna jambo moja tusilopaswa kulichukulia kwa wepesi. Mwalimu aonyeshaye namna ya kujumlisha alama aweza kupiga picha ya orodha halisi ya darasa lake, na kumbe amebandika ukutani aibu ya mtoto aliyepata 12 katika hisabati. Ni afadhali kutunga orodha yenye majina ya kubuni tangu mwanzo. Ikiwa hapana budi kuficha jina, lifunikwe kwa mstatili mweusi kabisa, kwa kuwa maandishi yaliyotiwa ukungu huweza pengine kusomeka. Hata kukata picha kuliwahi kuwa na hatari: mwaka 2023 ilibainika kwamba programu ya kukatia picha ya Windows 11 iliacha ndani ya faili mabaki ya sehemu iliyokatwa, endapo picha mpya ilihifadhiwa juu ya ile ya kwanza. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka huohuo.

Kabla ya kutoa nakala za darasa zima, tumpe karatasi mtu mmoja asiyejua kompyuta, tumketishe mbele ya mashine, nasi tunyamaze. Pale kidole chake kinaposita, ndipo mshale unapohitajika.