Wimbi au Maji Kujaa: Hesabu ya Kuongoza Ubora Hospitalini

Mkuu wa mtandao wa hospitali hupokea tarakimu kila mwezi: vifo, maambukizi ya vidonda vya upasuaji, siku za kulazwa, muda wa kungoja mapokezi. Tarakimu hizo hazilingani miezi miwili mfululizo. Kazi ya kwanza ya uboreshaji, kabla ya semina na mabango ya ukutani, ni kujua lini tofauti ya tarakimu ina maana na lini haina. Hapo ndipo viongozi wengi hujikwaa, na dawa yake ilipatikana kiwandani, si hospitalini.

Mwezi Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyeajiriwa na Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu za Bell huko Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro mdogo. Mchoro huo leo huitwa chati ya udhibiti, jina lenye ukali kuliko kazi yake, maana haidhibiti kitu, inaonyesha tu. Una mistari mitatu ya kulala, yaani wastani katikati, kikomo cha juu na kikomo cha chini, na nukta moja kwa kila mwezi.

Anayetaka kujua kama maji yanajaa au yanakupwa katika ufukwe wa Bagamoyo hatazami wimbi moja. Wimbi moja hulowesha vifundo vya miguu, linalofuata halifiki hata kwenye mwani. Anayekimbilia kuhamisha ngalawa kila wimbi linapopanda atashinda akikimbia. Ajuaye bahari huchomeka kijiti mchangani akangoja. Mawimbi nane mfululizo yakikipita, maji yanajaa na ubishi umekwisha. Hakuna wimbi la kulaumiwa wala la kusifiwa, kwa sababu kinachoyainua yote ni mwezi. Lipo pia jambo la tatu. Tarehe 26 Desemba 2004, bahari ya pwani ya Kenya na Tanzania ilivutika na kurudi kwa namna ambayo hata bamvua haina, na chanzo kilikuwa tetemeko la ardhi karibu na Sumatra, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Siku kama hiyo hakuna wa kungoja mawimbi nane. Chati ya Shewhart hutenganisha mambo hayo matatu: mtikisiko wa kila siku, badiliko la kina chenyewe, na tukio lililotoka nje ya mfumo.

Hesabu yake ni nyepesi mno kuliko faida yake. Ichukuliwe hospitali ya mkoa ambayo kwa miaka miwili imepata wastani wa maambukizi 16 kwa mwezi baada ya upasuaji wa uzazi. Kwa matukio yanayohesabiwa moja moja hivi, kipimo cha mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha wastani, yaani 4. Mara tatu yake ni 12. Kikomo cha juu kinakuwa 28, cha chini 4. Mwezi wenye maambukizi 23 na mwezi wenye 10 imezaliwa na mfumo uleule, bila mtu yeyote kubadilisha chochote. Kwa nini mara tatu, si mara mbili? Shewhart alipima gharama: kwa mara mbili, kengele ya uongo hulia takriban mara 5 katika kila miezi 100, na kila kengele hula muda wa watu wanaotafuta chanzo kisichokuwepo. Kwa mara tatu hulia kama mara 3 katika miezi 1,000. Kisha kuna kanuni ya kijiti, iliyochapishwa na Western Electric mwaka 1956. Nukta nane mfululizo zikiwa upande mmoja wa wastani, hata kama hakuna iliyovuka kikomo, kiwango kimehama. Kama hakuna kilichobadilika, kila mwezi una nafasi karibu sawa ya kuwa juu au chini, hivyo miezi nane yote kuwa chini hutokea mara 1 katika 256.

Bila chati, mambo huenda hivi. Julai maambukizi yanafika 23. Mganga mfawidhi anaitisha kikao, muuguzi wa zamu anaandikiwa barua ya kujieleza. Agosti yanakuwa 14, na barua inaonekana imefanya kazi. Ukweli ni kwamba baada ya mwezi wa juu sana, mwezi unaofuata huelekea kurudi karibu na wastani, barua iwepo isiwepo. Upande wa pili ni uleule: wodi iliyopewa cheti kwa mwezi wenye maambukizi 9 huonekana imebweteka mwezi unaofuata. Kiongozi anafunzwa na tarakimu zake mwenyewe kwamba ukali hufaa na sifa hudhuru.

W. Edwards Deming, aliyewafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani hesabu hii mwaka 1950, alionyesha madhara hayo kwa faneli na gololi inayodondoshwa kulenga alama mezani. Anayeiacha faneli mahali pake hupata mtawanyiko mdogo. Anayeisogeza kila mara ili kufidia kosa lililopita huongeza mtawanyiko kwa takriban asilimia 41.

Kuvuka kikomo kunadai uchunguzi wa haraka: autoklevu imeharibika, maji yamekatika, dawa ya kuulia vijidudu imebadilishwa. Kushusha wastani wenyewe ni kazi nyingine kabisa, ya kubadili utaratibu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, kwa mfano, hulazimisha timu kuuliza kabla ya kisu kama antibaiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Huko Ontario, Kanada, orodha hiyohiyo ilipotumika, upungufu wa namna hiyo haukuonekana.

Njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi ilifika Tanzania kupitia Sri Lanka. Kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilitangulia kutumia mfumo wa 5S, ambao hatua zake zimepewa majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Stoo hupangika na mafaili huonekana. Ila stoo iliyopangika haithibitishi kwamba maambukizi yamepungua. Hilo huonekana kwenye chati tu.

Kulinganisha vituo kunahitaji tahadhari ileile. Kituo chenye upasuaji 25 kwa mwezi na maambukizi 1 kina asilimia 4; ambukizo moja likiongezeka, kinaruka hadi 8. Hospitali yenye upasuaji 400 na maambukizi 16 nayo ina asilimia 4. Likiongezeka moja, inafika 4.25. Ndiyo maana katika jedwali la vituo bora na vibaya, vituo vidogo hujaa juu kabisa na chini kabisa. Vikomo sharti vipanuliwe kwa vituo vidogo, la sivyo kamati ya mkoa itatoa zawadi na adhabu kwa bahati nasibu.

Tarakimu za kuanzia hazihitaji mradi mpya. Rejista za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, hujazwa kila siku na muhtasari wake hutumwa wilayani kila mwezi. Waganga wafawidhi wachore miezi 24 iliyopita kwa penseli na rula kabla ya kuandika barua ya kujieleza.