Diski Ikigoma, Windows Iwe ya Mwisho

Kompyuta ikichelewa kuwaka, ikiganda katikati ya kazi, au ikileta skrini ya buluu na kujizima yenyewe, ushauri wa mtaani huwa mmoja: ipige Windows. Utausikia Kariakoo, utausikia Luthuli Avenue kule Nairobi, na haukuenea bure. Kompyuta iliyojaa virusi, iliyorundikwa programu holela, au iliyokatikiwa umeme ikiwa inajisasisha, mara nyingi hupona kweli ikifutwa na kuwekewa mfumo mpya. Kasoro ni kwamba dalili hizo hizo ndizo zinazotangulia kifo cha diski, na kwa diski inayokufa dawa hiyo ni sumu. Mfumo endeshi ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata tena ndani ya mashine: unashushwa bure kwenye tovuti ya Microsoft, unawekwa kwenye flashi ya GB 8, na saa moja baadaye kompyuta inawaka. Picha za harusi, mahesabu ya duka na tasnifu ya mwanafunzi havishushwi popote. Hata hivyo tumezoea kuanza na kile kisichoweza kupotea, huku tukikanyaga kile kisichorudi.

Tuangalie kinachotokea ndani. Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwa umbali wa nanomita chache tu. Sehemu ndogo ya sahani ikiharibika, diski haisemi. Inajaribu kusoma tena na tena, na ikishindwa inaiweka sehemu hiyo pembeni na kutumia nyingine kati ya zile za akiba ilizotoka nazo kiwandani. Yale majaribio ya kurudia ndiyo mtumiaji anayoyaona kama uzito wa kompyuta. Sasa ipige Windows kwenye diski kama hiyo. Fomati ya haraka inafuta orodha ya mafaili tu, mafaili yenyewe yanabaki palepale. Lakini mara mfumo mpya unapoanza kuandikwa, gigabaiti kwa gigabaiti, unaangukia juu yake. Palipoandikwa upya, hakuna fundi duniani atakayepasoma tena. Mbaya zaidi, kompyuta itawaka vizuri, kwa sababu mafaili mapya ya Windows yameangukia sehemu ambazo bado ni nzima. Mteja anaondoka ameridhika, na diski inaendelea kufa.

Ushahidi kwamba diski hutoa onyo upo, ingawa una pande mbili. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikitumika katika mitambo ya kampuni hiyo. Waligundua kwamba diski iliyoonyesha kosa la kwanza inapojikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ile isiyo na kosa la aina hiyo. Mtu anaweza kupinga, tena kwa ushahidi wa makala hiyo hiyo: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kubwa za onyo walizozitaja watafiti hao. Kwa hiyo kupima ni kazi bure? La. Maana yake ni kwamba kipimo kikisema diski nzima usiamini sana, ila kikisema mbovu amini mara moja. Kipimo chenyewe hakigharimu kitu. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea na kutoa jibu kwa rangi: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ni kazi ya dakika moja. Fundi anayeruka dakika hiyo hana kisingizio cha muda.

Watumiaji wengi wanajiona wako salama kwa sababu diski yao imegawanywa: Windows inakaa C, mafaili yao yanakaa D. Huu ni ujanja wa enzi za virusi, na kwa virusi ulifaa, maana fundi alifuta C na D ikabaki. Lakini C na D ni mistari tu iliyochorwa juu ya sahani zile zile, zinazosomwa na vichwa vile vile. Diski ikifa zinakufa zote. Na hata diski ikiwa nzima, mgawanyo huo una mtego wake: ukurasa wa kuchagua pa kuweka Windows hauonyeshi herufi C na D ambazo mwenye kompyuta anazijua. Unaonyesha namba za vigawanyo na ukubwa wake, vingine vidogo vya MB 100 ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, na kitufe cha kufuta kikiwa hapo hapo chini. Fundi mwenye wateja watano wanaosubiri anafuta namba isiyo yake, na D ya mtu imekwenda.

Utaratibu ulio salama si mgumu. Kompyuta inawashwa kwa flashi yenye Linux, tuseme Ubuntu, ambayo inaendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski. Mafaili yakionekana, yananakiliwa kwenda diski ya nje, yale ya thamani kwanza. Yakigoma, ipo programu ya bure iitwayo ddrescue, inayochukua kwanza maeneo mazima ya diski, inaruka palipooza, inaweka ramani ya ilikofika, kisha inarudi kujaribu pale pagumu mwishoni. Hata umeme ukikatika inaendelea ilipoishia, jambo ambalo kwetu si dogo. Ile programu ya Windows ya kurekebisha diski, chkdsk, isubiri, kwa sababu inaandika juu ya diski inayokwisha. Diski ikigonga kwa sauti, tik, tik, tik, hapo hakuna programu tena: izimwe na isiwashwe mpaka ifike kwa wanaofungua diski kwenye vyumba visivyo na vumbi. Wapo wanaoshauri iwekwe kwenye friza usiku kucha. Inatoka na unyevu juu ya sahani, na basi.

Mafundi watajibu kwamba mteja hataki hayo yote. Anataka kompyuta yake leo, na hela aliyonayo ni ya kupiga Windows tu. Ni kweli, na lawama si ya fundi peke yake. Tumezoea kumlipa kompyuta ikiwaka. Kuwaka ndiko kunakoonekana, na mafaili yaliyopona hayaonekani mpaka yatafutwe. Alipwe ada ndogo ya kupima, hata kama jibu ni kwamba kompyuta haifai kuguswa, na atakuwa na sababu ya kupima. Kuhusu hela, mteja anayepigiwa Windows kwenye diski mbovu atalipa mara mbili, kwanza kwa kazi hiyo, kisha kwa diski ambayo ilibidi ainunue tangu mwanzo.

Wengine watasema mambo haya yamepitwa, sasa kuna SSD na kila kitu kiko mtandaoni. SSD haina sahani wala kelele, ndiyo maana kifo chake huja bila hodi. Na ikifomatiwa, kompyuta huiambia isafishe nafasi zilizoachwa wazi, hivyo kilichofutwa mara nyingi hakirudi hata kama hakijaandikiwa juu. Mtandaoni nako, anayenunua bando la siku hapandishi gigabaiti 200 za video. Tena kuoanisha si kutunza akiba: ukifuta faili hapa, na kule linafutika.

Mafaili yakishaokolewa, ndipo diski mpya inapofungwa na Windows kupigwa, na hapa wengi wanaogopa bila sababu. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8 au ya baadaye, kwa kawaida imehifadhiwa ufunguo wake kwenye ubao mama, na tangu Windows 10 ya mwaka 2015 Microsoft huitambua mashine kwa vifaa vyake. Kubadili diski hakufuti leseni, hivyo hakuna haja ya zile programu za mtaani za kuamsha Windows zinazokutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Kwa laptopu za mtumba zisizokidhi masharti ya Windows 11, huku msaada wa kawaida wa Windows 10 ukiwa umekoma tarehe 14 Oktoba 2025, Linux iliyookolea mafaili inaweza kubaki humo humo ikawa mfumo wenyewe. Diski ya zamani isiachwe dukani. Iliyoshindwa kuwasha kompyuta bado inaweza kusomwa kwa saa kadhaa na mtu mwenye subira, na nywila zako zimo ndani.