Septemba, Ghala Likiwa Tupu

Huku kusini mwa Maniema mwaka wa shule unafunguliwa mwezi ambao ghala halina kitu. Mvua za kwanza zinashuka Septemba, na mpunga uliobaki nyumbani ni wa mbegu, wote unaingia ardhini. Mavuno hayatakuja kabla ya Januari na Februari. Katikati hapo ndipo prefe, mkuu wa sekondari, anapoita majina ya wasiolipa ada, na ndipo kijana wa miaka kumi na mitano anapoaga nyumbani kwamba anakwenda kutafuta maisha Salamabila, kwenye dhahabu.

Nimefundisha darasa la sita hapa Kasongo kwa miaka mingi, na ninalima mpunga kama akina mama wengine wa huku, kwa sababu mshahara wa mwalimu peke yake haulishi nyumba. Redioni tunasikia serikali ya jimbo ikieleza hatua zake katika elimu, ufundi wa vijana na kilimo, kila jambo na waziri wake. Mimi mambo hayo matatu nayaona yakikutana kwenye mlango wa nyumba moja, mwezi mmoja. Nyumba hiyo ikiwa na fedha Septemba, mtoto anabaki shuleni. Ikikosa, darasa jipya lililojengwa linabaki na nafasi yake wazi.

Kwanza msomaji ajue nani anawajibika kwa lipi. Maniema ilifanywa jimbo mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa katika majimbo matatu. Makao makuu ni Kindu, na wilaya zetu, tunazoziita teritware, ni saba. Kasongo na Kabambare ziko kusini. Katiba ya 2006 ililipatia kila jimbo bunge lake, na bunge hilo ndilo linalomchagua gavana. Katiba hiyo hiyo iliweka mikononi mwa jimbo shule za chekechea, msingi, sekondari na ufundi, pamoja na mipango ya kilimo, ilimradi jimbo lifuate kanuni za taifa. Ilisema pia kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Kwa kweli fedha hupanda kwanza Kinshasa, na zinazorudi huwa chache na huchelewa. Mishahara ya walimu nayo hutoka Kinshasa. Kwa hiyo tunapodai barabara au ghala, Kindu inastahili kuulizwa. Mwalimu asiyelipwa, swali lake linakwenda mbali zaidi.

Jambo kubwa lililotokea shuleni katika maisha yangu ya ualimu ni elimu ya msingi bila malipo. Katiba iliiahidi 2006, ikaanza kutekelezwa Septemba 2019. Kabla ya hapo wazazi ndio waliotulipa walimu kwa michango, na mzazi mwenye watoto wanne na fedha ya wawili alichagua, mara nyingi akiwachagua wavulana. Michango ilipoondolewa, wasichana walikuja. Walikuja wa miaka kumi na miwili wakiwa hawajawahi kushika kalamu, wakakaa darasa la kwanza na wadogo zao bila aibu. Ningependa kila anayeisema vibaya sera hii awe amewaona wasichana hao asubuhi ile.

Lakini kuta hazikupanuka. Benchi la watoto wawili linabeba wanne, na wanaoandika kwa mkono wa kushoto wanagombana na jirani mchana kutwa. Safu ya mbele inakaa juu ya matofali waliyoyabeba wenyewe. Kitabu cha kusoma kinapita mkono kwa mkono, na aliye nyuma kikimfikia kengele imelia. Nikikagua madaftari naanza na waliokaa dirishani, maana ndiko kuna mwanga; mvua ikianza kupiga bati hakuna anayesikia somo, nasi tunaimba jedwali la kuzidisha mpaka inyamaze.

Shule nyingi za huku ni za serikali lakini zinasimamiwa na madhehebu, kwa mkataba uliotiwa saini Februari 1977: za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu, na baadaye za Kiislamu, ambazo Kasongo zina mizizi mirefu. Katika zote utamkuta mwalimu tunayemwita NU, yaani aliyepewa darasa na bado hajaingia kwenye orodha ya mishahara. Zamani aliishi kwa michango ya wazazi. Sasa mzazi haruhusiwi kudaiwa, na huyu mwalimu anafundisha asubuhi, mchana yuko shambani. Wapo waliozeeka wakisubiri. Ukiniuliza ni nani aliyeibeba elimu bure mabegani hapa kwetu, nitakuonyesha huyo.

Elimu bure inaishia mlango wa sekondari. Mtoto anafaulu mtihani wa mwisho wa msingi, furaha inaingia nyumbani, kisha inakuja Septemba. Hapo ndipo mpunga unapoingia katika habari za shule.

Mpunga si mgeni hapa. Uliletwa na watu wa misafara kutoka pwani katika karne ya 19, pamoja na Kiswahili tunachokisema, wakati Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, alipoweka makao yake Kasongo, na Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya kwenda Ujiji. Mashamba ya wakati ule yalilimwa kwa jasho la watumwa, hilo lisisahauliwe. Wabelgiji waliuteka mji wa Kasongo Aprili 1893, na chini ya utawala wao mpunga na pamba vikawa mazao ya amri. Asiyelima alifungwa au alichapwa. Pamba imekwisha, na magofu ya viwanda vyake wazee wanaweza kukuonyesha. Mpunga tuliubakiza wenyewe, bila amri ya mtu.

Tunaulima mlimani, bila maji ya mfereji. Kiangazi cha Juni hadi Agosti wanaume wanafyeka pori na kulichoma, mvua ikianza tunapanda, na tangu suke linapojaa ni kazi ya watoto kufukuza ndege. Kuvuna ni kukata masuke kwa kisu, moja moja, mgongo umeinama. Mbegu bora zipo. NERICA, mpunga uliozalishwa Afrika Magharibi kwa kuchanganya mpunga wa Kiafrika na wa Kiasia, uliomletea Monty Jones wa Sierra Leone Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004, ulitengenezwa hasa kwa mashamba ya mlimani kama haya yetu. Na kulikuwa na PIRAM, programu ya kufufua kilimo Maniema iliyofadhiliwa na FIDA, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo. Iligusa mbegu, vyama vya wakulima na barabara za mashambani, na jimbo lilikuwa mshirika wake. Lakini barabara ya udongo inafunguliwa msimu mmoja, na isipowekewa watu wa kuitunza, misimu mitatu ya mvua inatosha kuirudisha porini. Kati ya yote ambayo jimbo linaweza kufanya kwa fedha zake lenyewe, hata kidogo kidogo, naweka la kwanza hili: vikundi vya kijiji vya kutunza barabara, vilivyo na sepetu na toroli, vinavyolipwa kwa wakati. Kazi yao kubwa ni kuondoa maji barabarani.

Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya 100. Lori likikwama linakaa siku nyingi, kwa hiyo mizigo yetu inasafiri kwa baiskeli. Mwenye baiskeli hapandi, anasukuma: fimbo moja imefungwa kwenye usukani, nyingine nyuma ya kiti, kilo 100 na zaidi zimelala katikati, na mlimani wenzake wawili wanakuja kumsaidia kabla hawajarudi kuchukua zao. Wanapeleka mchele na mawese, wanarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Bei ya mchele wetu imebeba miguu ya vijana hao.

Sasa tazama kalenda. Februari kila nyumba ina mpunga, na kila nyumba ina deni, kwa hiyo kila mtu anauza, na mnunuzi ndiye anayetaja bei. Oktoba mtu yule yule ananunua mchele kwa kopo, bei ya juu. Mchele aliouza rahisi anaununua ghali, na ada ya mtoto imepotelea katikati. Dawa yake inajulikana Afrika nzima: ghala la pamoja, kavu, lenye mbao chini ili gunia lisiguse sakafu, ambamo mkulima anaweka mpunga na kupewa karatasi, anakopeshwa kidogo kwa dhamana ya mpunga huo, na gunia linauzwa bei ikipanda. Viongozi wa Afrika waliahidi huko Maputo mwaka 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti za nchi zao zitakwenda kwenye kilimo. Sehemu ndogo ya ahadi hiyo, ikijengwa kwa matofali Kipaka, Samba, Wamaza na Kabambare mjini, ingebakiza shuleni watoto wengi kuliko hotuba yoyote.

Akina mama tumeanza na tulicho nacho. Likelemba, mchango wa zamu kwa zamu, tuliijua zamani. Siku hizi kuna vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, mtindo ambao shirika la CARE liliuanza Niger mwaka 1991 na ambao umefika hadi vijijini kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika mama watatu wasio wa nyumba moja. Kila wiki mtu ananunua hisa, anayekopa anarudisha na faida, mwisho wa mwaka tunagawana. Vikundi vingi hugawana Desemba, kwa ajili ya sikukuu. Katika kikundi chetu tulibishana sana, tukaamua kugawana wiki ya kwanza ya Septemba. Mama mmoja mjane alipata siku hiyo ada ya binti yake ya muhula, akaihesabu mara mbili mbele yetu, akaenda moja kwa moja kwa prefe kabla hajapita sokoni. Mkaguzi wa kilimo au wa elimu angeweza kulipeleka wazo hili la tarehe katika vijiji vyote bila kutumia faranga moja.

Juu ya ufundi nina neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Taifa lina chombo chake cha kufundisha kazi, INPP, kilichoundwa mwaka 1964, na kando yake parokia, misikiti na mashirika wamefungua vituo vya ushonaji, useremala, kuchomelea vyuma na kutengeneza sabuni. Vijana wanahitimu, wanapewa cherehani au randa, picha inapigwa. Mwaka mmoja baadaye cherehani nyingine imeuzwa. Kijana huyo si mvivu. Kijijini watu hushona nguo wakiwa na fedha, na fedha wanayo Februari na Machi tu. Ufundi unaodumu hapa ni ule unaoshikamana na mpunga na mawese, kwa sababu ndio wenye mteja karibu mwaka mzima.

Nenda kwenye mashine ya kukoboa siku ya soko utaona ninachosema. Akina mama wamepanga foleni na mabeseni, vumbi la pumba limewapaka nyusi. Mashine imezima. Ndani kuna kijana mmoja, mafuta hadi kwenye kiwiko, anachonga kipande cha mpira wa tairi kuziba mahali panapovuja, kwa sababu kipuri cha kweli kiko Kindu au mbali zaidi. Hana cheti. Alijifunza kwa kumshikia mjomba wake taa. Akiikaza vibaya, nusu ya mchele inatoka chenga, na mchele wa chenga haupati bei Kindu. Mchele wa soko zima uko kwenye vidole vyake. Kijana wa namna hii ndiye wa kupelekwa kwenye mafunzo ya INPP miezi ya kiangazi, mashine zikiwa hazina kazi nyingi, arudi kabla ya mavuno. Vivyo hivyo mafundi wa baiskeli, na maseremala. Madarasa yanaongezwa, pamoja na yale ya programu ya taifa ya maendeleo ya teritware 145. Kila benchi la madarasa hayo litengenezwe Kasongo na Kabambare, kwa mbao za hapa, na kijana aliyehitimu hapa. Serikali ya jimbo iliandike hilo katika mikataba yake, na mafundi wetu watakuwa na mteja asiyengoja mavuno.

Kabambare ina neema na jeraha lake. Namoya, karibu na Salamabila, ni mgodi wa dhahabu ambako kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara 2016, kisha mgodi ukasimama 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama, baada ya miaka ya mapigano na wanamgambo wa Mai-Mai na malalamiko ya wachimbaji waliohamishwa. Wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba, na dhahabu yao nyingi inatoka bila kuandikwa popote. Ndiko wanakokwenda wanafunzi wangu. Wengine wanarudi na pikipiki, wengine na kikohozi, na wengine walichukuliwa na bunduki. Kwa hao waliochukuliwa taifa liliunda mwaka 2021 programu ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kijamii.

Sheria ya madini ya 2018 inasema wazi mrabaha wa kampuni unavyogawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au eneo ambalo mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kila mgodi wa Kabambare unapozalisha, kuna hesabu ya jimbo na kuna hesabu ya sekta. Hesabu hizo zisomwe hadharani, kwa Kiswahili, siku ya soko, mbele ya chifu, walimu, akina mama wa vikundi na vijana wenyewe: kiasi kilichoingia, darasa lililojengwa, ghala lililoezekwa, kilomita ya barabara iliyochongwa. Atakayesimama kuuliza swali apewe jibu siku ile ile, na jina la fundi aliyelipwa liandikwe ubaoni.