Kabla ya kubadili spika, tazama zimekaa juu ya nini

Wapenzi wengi wa muziki mijini hujinyima kwa miezi kadhaa ili wanunue spika nzuri za nyumbani, lakini zikishafika sebuleni huwekwa popote penye nafasi: juu ya kabati la televisheni, kwenye rafu ya vitabu au sakafuni pembeni mwa kochi. Baada ya siku chache malalamiko huanza. Besi inavuma kupita kiasi, maneno ya mwimbaji hayasikiki sawasawa, na jirani wa ghorofa ya chini anagonga mlango.

Mara nyingi lawama huangushiwa spika au amplifaya, na mwenye mali huanza kufikiria kurudi dukani. Hata hivyo, kasoro hizo aghalabu hutokana na mahali spika ilipowekwa, na zinaweza kupunguzwa kwa stendi imara na vipande vichache vya mpira. La msingi ni kufahamu kila kifaa kinatatua tatizo lipi, kwani vifaa vya aina hii huuzwa kwa ahadi nyingi kuliko kazi vinayofanya.

Mtikisiko unatoka wapi?

Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa kwa koni yake. Koni inaposukumwa mbele, kasha nalo husukumwa nyuma, kama inavyoeleza kanuni ya tatu ya mwendo ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687. Kwa kuwa kasha ni zito mara nyingi zaidi kuliko koni, msogeo wake ni mdogo mno kuonekana kwa macho. Tatizo hujitokeza katika kile kilichobeba kasha hilo.

Mfano wake ni simu ya mkononi iliyozimwa mlio. Ikiwa kiganjani hutetemeka kimyakimya, lakini ikilazwa juu ya meza ya mbao, chumba kizima huisikia. Simu haikuongeza nguvu. Ubao mpana wa meza ndio uliopokea mtikisiko na kuusambaza hewani. Kabati jembamba la mbao za kubandika hufanya vivyo hivyo linapobebeshwa spika, na mvumo wake huchanganyika na muziki.

Kupima hali hiyo hakuhitaji chombo. Pigwe wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya kawaida, kisha kiganja kiwekwe juu ya kabati. Likitetemeka kwa nguvu, nalo limekuwa sehemu ya spika.

Stendi hufanya kazi gani?

Kazi ya kwanza ya stendi ni kuipandisha spika hadi kimo kinachofaa. Sauti nyembamba zinazotoka kwenye twita husafiri kwa mwelekeo finyu kuliko besi, hivyo twita inapaswa kulingana na masikio ya msikilizaji aliyeketi. Hesabu yake ni nyepesi: pima kutoka sakafuni hadi sikioni ukiwa umekaa, kisha toa urefu wa kutoka kitako cha kasha hadi twita. Sikio likiwa sentimita 95 na twita sentimita 30, stendi inayotakiwa ni ya sentimita 65. Ndiyo maana stendi nyingi za madukani huwa na urefu wa karibu sentimita 60.

Kazi ya pili ni kuiondoa spika ukutani. Ukuta hurudisha besi na kuizidisha, na pembe ya chumba huizidisha zaidi. Mara nyingi kuisogeza spika mbele sentimita 30 hadi 60 hupunguza mvumo bila kutumia hata senti moja. Sabufa peke yake haihitaji stendi, maana sikio halitambui kwa urahisi upande inakotoka besi nzito.

Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza stendi kwa mabomba ya mraba na kitako cha bamba nene. Kitako kiwe kipana kuliko kasha, na bomba lijazwe mchanga ili lisilie kama kengele na uzito ukae chini. Mchanga huo ukaushwe kabisa, tena usiwe wa baharini, kwa sababu chumvi huozesha chuma. Penye watoto, upana wa kitako ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la sauti: kasha la kilo nane likivutwa kwa waya linaweza kumjeruhi mtoto.

Misumari au mpira?

Stendi nyingi huja na misumari ya chuma yenye ncha kali. Wengi huamini kwamba misumari hiyo huzuia mtikisiko usifike sakafuni. Ukweli ni kwamba huifunga stendi na sakafu iwe kitu kimoja. Inafaa sana penye zulia nene, kwa kuwa ncha hupenya hadi sakafu ngumu na stendi ikaacha kuyumba. Nyumba nyingi za Uingereza, ambako ushauri huo ulienea, zina mazulia ya ukuta hadi ukuta.

Sebule nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi zina sakafu ya zege, saruji au vigae. Hapo zege lenyewe ni zito na halitikisiki kirahisi, na msumari hauna cha kupenya isipokuwa kukwaruza vigae. Vipande vya mpira vinatosha kuishika stendi isiteleze. Kwenye sakafu za mbao, kama zilivyo baadhi ya nyumba za kale, mpira laini una manufaa makubwa zaidi, kwa sababu ubao huvuma kama lile kabati.

Mpira nao una masharti yake. Mpira pamoja na uzito uliobeba huwa na mdundo wake wa asili, na huanza kuzuia mitikisiko iliyo juu ya takriban mara 1.4 ya mdundo huo. Mpira wenye mdundo wa hezi 10 utaanza kufanya kazi hezi 14, chini ya besi yote ya muziki. Ulio mgumu, wenye mdundo wa hezi 40, hautazuia chochote chini ya hezi 57, na waweza hata kuuzidisha mtikisiko wa uzi mzito wa gitaa la besi, ambao hulia karibu hezi 41. Kwa hiyo mpira hununuliwa kulingana na uzito wa spika: ubonyee kidogo ukibebeshwa, bila kulifanya kasha lilegelege. Aidha, baadhi ya mipira huacha madoa kwenye mbao zilizopakwa vanishi, hivyo ni vema kutanguliza kipande cha kadibodi.

Jirani wa chini je?

Wakazi wa maghorofa wafahamu mipaka ya vifaa hivi. Mpira hupunguza mtikisiko unaopita miguuni mwa spika kuingia sakafuni. Hauizuii besi iliyokwisha kuingia hewani, ambayo hugonga kuta na dari na kuendelea hadi chumba cha pili. Kwa hiyo hakuna miguu ya spika, iwe ya bei gani, inayompa mtu ruhusa ya kupiga muziki mkubwa usiku wa manane. Dawa yake ni kupunguza sauti, hasa besi.

Mwenye spika zisizomridhisha hana budi kufuata mpangilio: kwanza azisogeze mbali na ukuta, pili azipandishe hadi kimo cha masikio, tatu ahakikishe stendi haiyumbi, ndipo ajaribu mpira. Baada ya kila hatua asikilize wimbo uleule kwa sauti ileile. Asiposikia tofauti yoyote, fedha za hatua inayofuata na zibaki mfukoni.